Vitu vya Kale katika Nyumba za Mirathi: Mbinu kwa Anayekwenda Delta

Kwa karne nyingi mzigo mkuu wa Delta ya Rufiji ulikuwa boriti za mikoko. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakaingia midomo ya mto wakati wa bamvua, yakapakia boriti, kisha yakarudi na kusi kwenda kuezekea nyumba za nchi ambako miti ya kujengea haimei. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya chombo kimojawapo cha Kuwait, na habari za upakiaji ule wa Rufiji zimo katika kitabu chake Sons of Sinbad. Vyombo hivyo havikuja vitupu. Vilileta tende, chumvi, mazulia, masanduku na shaba, na sehemu ya vitu hivyo ilibaki mikononi mwa wakata boriti, makarani, manahodha wa mashua ndogo na wake zao. Ndiyo maana leo, katika nyumba ya fito na udongo huko Kiongoroni, unaweza kukuta sinia la shaba la mafundi wa ng'ambo limeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya mpunga.

Vitu hivi hutoka nyumba moja moja, mzee anapofariki na warithi wanapotaka kugawana. Anayefika wa kwanza mara nyingi ni mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani ya mkononi. Hununua mdila wa kahawa kwa kilo, huuponda kwa nyundo usichukue nafasi kwenye gunia, na mwisho wake ni tanuri. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kumtangulia huyo, na kununua vizuri: kitu cha kweli, bei ya haki, kutoka kwa mwenye haki ya kuuza. Hilo la haki ya kuuza nalitanguliza, kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi.

Delta ni nchi ya Waislamu, na mali ya marehemu ina utaratibu wake. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mjane hupata thumuni marehemu akiwa ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la kaka yake. Si kazi ya mnunuzi kugawa mirathi ya watu, lakini lazima ayajue haya, maana kijana anayekufuata bandarini na kukunong'oneza kwamba baba aliacha kasha anaweza kuwa na fungu dogo tu katika kasha lile, na dada zake wako Mbagala hawana habari. Ukinunua kwake leo, kesho utapigiwa simu na mtu usiyemjua akikuita mwizi, na hatakuwa amekosea sana.

Mahakama ya mwanzo ndiyo huteua msimamizi wa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, na barua yake ya usimamizi ni Fomu Na. 4. Tangu ateuliwe ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali, Fomu Na. 5. Kitu kilichomo katika orodha hiyo huuzwa na msimamizi, si mtoto mkubwa wala mjomba mwenye sauti. Kwa vyombo vya ndani, hata hivyo, familia nyingi haziendi mahakamani. Hukaa kikao na sheikh wa kijiji, wakagawana wenyewe. Hapo omba kuonana na warithi waliopo, na walio mbali wapigiwe simu mbele yako, spika ikiwa wazi. Anayekataa simu isipigwe amekwisha kukujibu.

Kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa: kitu hiki kilikuwa cha marehemu? Katika nyumba za pwani vyombo vya ndani kwa kawaida ni vya mwanamke. Kasha aliloingia nalo siku ya arusi, masinia, sahani, mdila, mrashi, chetezo, kanga zilizokunjwa tangu ujana wake, vyote ni mali yake, na mume akifa havihesabiwi katika mirathi ya mume. Vijana wakianza kuvitoa nje mbele yako, geuka umuulize bibi mwenyewe. Nimeshuhudia biashara nzima ikibadilika kwa swali hilo moja, wanaume wakanyamaza na mama akaketi vizuri kwenye kibao chake akaanza kusema bei.

Wakati wa kwenda nao una adabu yake. Usifike msiba ukiwa mbichi, hata kama umeitwa. Subiri arobaini ipite, na kama kuna mjane, ni vizuri zaidi eda iishe, miezi minne na siku kumi. Katika muda huo yeye yuko ndani, na huwezi kupekua chumba cha mtu aliyekaa eda bila kumvunjia heshima. Wapo watakaokuambia kwamba ukisubiri hivyo utakuta pamebaki mizani ya chuma chakavu tu. Dawa yake ni kutuma salamu mapema kupitia jirani: kwamba kuna mtu atakuja baada ya eda, anataka vyombo vizima, atalipa zaidi ya kilo. Neno hilo tu limeokoa vitu vingi.

Habari za nyumba kama hizo hazibandikwi ukutani. Ziko kwa nahodha wa boti ya abiria, fundi seremala anayetengeneza milango ya kijiji, mama muuza vitumbua pale Nyamisati, na wazee wa barazani baada ya swala ya alasiri. Waambie unachokitafuta kwa jina lake. Ukisema natafuta vitu vya zamani, utaletewa jembe lenye kutu. Ukisema natafuta mdila, sinia la shaba la kufua kwa mkono, kasha la njumu, karabai hata mbovu, watu watakumbuka nyumba. Dalali ni mzuri akiwa wa kijiji hicho hicho, na ujira wake mkubaliane kabla ya kuingia ndani, utoke mfukoni mwako, si katika fungu la warithi.

Safari yenyewe ipange kwa maji. Kutoka barabara ya Kilwa unachepuka kwenda Nyamisati, kisha ni chombo. Wakati wa maji mafu vijito vingi havipitiki na mzigo, na chombo kikikwama kwenye tope mtasubiri maji yajae. Muulize nahodha bamvua ni lini, ndipo uipange siku ya kurudi, maana kurudi ndiko kwenye kasha.

Ukishafika, hodi, na salamu kwa utaratibu. Kaa kwanza. Mazungumzo hayana haraka:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Pole kwa msiba, bibi. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee."

"Amina. Tumeshapoa, kazi ya Mungu haina makosa."

"Bibi, sinia hili lilikuja na nani?"

"Hilo la mama yangu. Babu yangu alikuwa akikata boriti Salale, akapewa na nahodha mmoja wa Kiarabu."

Jibu la namna hiyo liandike palepale, kwa maneno yake, na tarehe ya siku hiyo. Sinia lenye habari lina thamani kuliko pacha wake lisilo na habari, kwa mkusanyaji na kwa makumbusho pia. Habari hiyo haipatikani Kariakoo wala kwenye maduka ya Mtaa wa Gizenga kule Mji Mkongwe. Inapatikana hapo tu, mbele ya huyo bibi, na akifa imekwisha.

Sasa tulitazame sinia lenyewe. Beba sumaku ndogo mfukoni. Shaba haivutwi. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ligeuze chini ya mwanga wa mlango, usilitazame ndani gizani. Sinia lililofuliwa kwa mkono lina alama za nyundo upande wa chini, vijishimo vidogo visivyolingana, na unene wake hubadilika ukipitisha kidole kutoka kati hadi ukingoni. La kiwandani ni laini sawasawa na ukingo wake umekunjwa juu ya waya kwa unadhifu wa mashine. Nakshi ya patasi ina mikato inayoonekana kuanza kwa kina na kwisha kwa wembamba, ilhali ya kubandikwa kwa muhuri ni bapa, na mara nyingi upande wa pili umevimba. Tafuta mikwaruzo ya matumizi. Sinia lililobeba biryani na pilau miaka sitini lina mistari ya duara katikati, mahali pa vidole vya walaji na vijiko vya kupakulia. Mistari iliyonyooka mmoja baada ya mwingine kwa mwelekeo mmoja ni ya msasa wa juzi.

Mdila utazame mdomo na bawaba ya kifuniko. Hapo ndipo unapochoka, na hapo ndipo hutiwa risasi na fundi wa kijiji. Kiraka kizuri cha zamani hakipunguzi kitu, mimi nakipenda, kwa sababu kinaonyesha chombo kilitunzwa. Ndani, vyombo vya shaba vya kupikia na kunywea vilipakwa bati. Bati likiisha kahawa hugusana na shaba, kwa hiyo usimshauri mtu akitumie kabla hakijapakwa tena.

Sahani na mabakuli yanayotundikwa ukutani ni fungu lenye utajiri ambalo vyuma chakavu hawaligusi, lakini watoto hulivunja. Mengi yaliyobaki kwenye nyumba za pwani si ya China kama yanavyosifiwa. Ni ya Ulaya, ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na miongoni mwake mabakuli ya maua ya rangi kali kutoka Maastricht, Uholanzi, ambayo viwanda vyake viliuza sana katika nchi za mashariki na pwani yetu. Geuza bakuli: chapa ya mnyama sphinx, mwili wa simba na kichwa cha mtu, pamoja na jina Petrus Regout ni ya kiwanda kimoja, Societe Ceramique ni ya kingine. Kwa vyombo vya nchi nyingine, kumbuka kwamba mwaka 1891 Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vikafuata. Chombo cha Uingereza chenye neno England peke yake kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na chenye Made in England ni cha karne ya 20. West Germany ni kati ya 1949 na 1990, na hilo litakusaidia pia kwenye kandili za Feuerhand. Gonga ukingo kwa ukucha. Chombo kizima hulia kwa uwazi, na chenye ufa hutoa sauti iliyokufa hata kama ufa hauonekani.

Kasha la njumu ndilo kila mtu analolitaka, kwa hiyo ndilo linaloghushiwa zaidi. Mafundi wa Zanzibar bado wanayatengeneza, mazuri kabisa, na hakuna kosa kununua jipya kwa bei ya jipya. Ubaya ni kuuziwa jipya kwa jina la bibi wa mtu. Fungua kifuniko unuse. Rangi mpya na gundi hazifichiki. Tazama skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, hivyo kasha linalosemwa ni la zama za Sayyid Barghash likiwa na skrubu hizo kwenye bawaba za awali lina maswali ya kujibu. Huenda bawaba zilibadilishwa, na kama ndivyo, mbao chini yake zitakuwa na matundu ya misumari ya kwanza. Vuta saraka za chini uzitoe kabisa, uangalie migongo yake. Mbao ambazo hazijaguswa na mtu kwa miaka mingi huwa na rangi kavu, ya vumbi, isiyo na mafuta. Fundi wa kughushi hupaka rangi huko pia kwa kuwa anadhani giza ni uzee. Ndani ya kasha, pembeni juu, kwa kawaida kuna kisanduku kidogo, na baadhi ya visanduku hivyo vina kitako cha siri. Usikifungue peke yako. Mwite mrithi akifungue yeye, mbele ya wenzake. Umenunua kasha, hukununua hereni za bibi.

Unga mweupe uliolala chini ya kasha ni dalili ya dumuzi walio hai. Sukuma kisu chembamba kwenye kitako, sehemu iliyogusana na sakafu ya udongo, maana mchwa huanzia huko na hula mbao wakiacha ganda la nje likiwa zima. Mafuriko nayo yameacha alama yake. Yale ya Aprili 2024 yaliingia nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti, na kasha lililokaa majini lina mstari wa maji kwa nje na njumu zilizoachia. Linafaa kununuliwa bado, kwa bei yake.

Vingine navitaja kwa kifupi. Cherehani za Singer zina namba kwenye kibati: namba bila herufi ni ya kabla ya 1900, herufi moja ni ya tangu 1900, herufi mbili ni ya kuanzia 1935. Nyingi ni za kiwanda cha Clydebank, Scotland, na zingali zinashona, kwa hiyo mwulize fundi kama kweli anataka kuacha kazi. Karabai za Petromax, Tilley na Optimus zitafutie vipuri kabla ya kuzilipia. Santuri nzito za zamani huvunjika ukizilaza badala ya kuziegemeza wima. Ukiona lebo ya mbwa ya His Master's Voice na jina la Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zifunge kwa kanga moja moja na uzibebe mwenyewe. Kanga za zamani zenye maandishi ya khati za Kiarabu ni adimu, na hazifai kufuliwa kwa sabuni ya unga.

Sarafu zinahitaji neno zaidi, kwa kuwa zinadanganya. Reale ya fedha yenye sura ya mwanamke, Maria Theresa, huandikwa 1780 siku zote, hata iliyopigwa karne mbili baadaye, kwa hiyo mwaka ule hauthibitishi kitu. Za Wajerumani hupatikana Delta: pesa za shaba za miaka ya 1890, rupia yenye Kaiser aliyevaa kofia ya chuma, heller tangu 1904, na zile ghafi za Tabora za 1916 zenye herufi T, zilizopigwa wakati wa vita. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na zile za miaka ya mwanzo zina robo ya fedha ndani yake. Sarafu ya Barghash yenye mizani ina mwaka wa Hijria 1299. Ukitaka kuubadili mwaka wowote wa Hijria, toa asilimia tatu, ongeza 622: 1299 unakuwa 1260, kisha 1882. Usisugue sarafu, wala usimruhusu muuzaji aisugue kwa majivu na ndimu ili ing'ae. Ikishang'arishwa, mkusanyaji haitaki.

Yapo ya kuacha kabisa, na hapa sina huruma na mnunuzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, pamoja na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kuviuza au kuvitoa nchini kunataka leseni. Mlango ukiwa bado kwenye nyumba, uache kwenye nyumba. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, hata kama ni kitana cha bibi, ni nyara za serikali. Chochote kilichotoka ardhini usikinunue, kwa sababu ukikinunua umemtuma mtu akachimbe. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo za zama za Warumi zilizofukuliwa Mkukutu, huko huko Rufiji. Shanga zile zinasema kitu kwa sababu wataalamu wanajua zilikuwa tabaka gani la udongo na karibu na vigae gani. Zingeuzwa kwenye kopo la maziwa, zingekuwa shanga tu. Ukioneshwa kitu cha namna hiyo, mwambie mtendaji wa kijiji, na Idara ya Mambo ya Kale ipewe taarifa.

Jihadhari pia na vyuma vya manowari ya Kijerumani Königsberg. Ilizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika vijito vya Delta, na mwisho wake ulikuwa hapo hapo tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa na kutumika nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa. Kila kipande cha chuma chenye kutu kinachouzwa Delta hudaiwa ni cha meli hiyo, na hakuna namna ya kuthibitisha kipande kisicho na chapa. La hatari ni kombora. Ukioneshwa risasi kubwa ya mzinga iliyo nzima, usiiinue, usiigonge kusikiliza shaba yake, watoto waondoke, na polisi waitwe. Baruti ya zamani hailali kwa kuwa imezeeka.

Bei. Anza kwa kuuliza vyuma chakavu wananunua shaba kwa kiasi gani kwa kilo siku hiyo, na umwambie muuzaji waziwazi: hiyo ni sakafu, mimi niko juu yake. Kisha mwambie unachokijua juu ya kitu chake. Wapo wanaoona huo ni upumbavu wa biashara. Mimi naona kununua kitu cha mjane kwa kutegemea kwamba hajui ni dhuluma iliyovaa jina la ujanja. Faida yako ipo: una soko asilolifikia, unalipa chombo, unabeba hatari ya mzigo kuvunjika. Hizo hesabu zimo katika bei, na mtu mzima akielezwa huzielewa. Ukiwa huna uhakika na thamani, usikisie mbele yake. Piga picha mbele na nyuma, omba wiki moja, acha arubuni ndogo kwa maandishi. Na jicho ulifunze kabla ya safari: maduka ya Gizenga kwa bei za wauzaji, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na Makumbusho ya Lamu kwa vitu vya kweli vya kulinganisha.

Hati ya mauziano iandikwe kwa Kiswahili chepesi, nakala mbili. Jina la kitu, vipimo vyake, kasoro zake, bei, jina la marehemu, majina na saini za warithi au msimamizi, na mashahidi wawili, mmoja akiwa mwenyekiti wa kitongoji. Muhuri wa mtendaji ukipatikana ni bora. Karatasi hiyo itakufaa njiani, kwa kuwa vizuizi vya maliasili kwenye barabara ya Kilwa huuliza habari za samani za mbao, na askari hawezi kujua kwa macho kasha lako ni la mwaka gani. Kabla ya kupakia, pita ofisi ya misitu ya wilaya Kibiti uulize kama unahitaji kibali cha kusafirisha.

Kufunga mzigo: sahani zisimame wima ndani ya makumbi makavu, zisilazwe. Kasha lifungwe kamba juu ya mfuniko, saraka zitolewe zisafiri peke yazo, na chini ya kasha pawekwe fito mbili ili maji ya chomboni yasilifikie. Likilowa, likaushe kivulini kwa siku kadhaa. Jua la mchana hupasua mbao za zamani kwa siku moja. Ukifika nyumbani, shaba ioshe kwa sabuni ya kawaida na maji, uifute, uishie hapo.

Mwisho ni karatasi. Katika makasha ya Delta hukutwa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu, hati za mashamba, madaftari ya madeni ya boriti, misahafu ya mkono, picha za watu waliokufa kabla hujazaliwa. Hizo si sehemu ya kasha ulilonunua, hata hati ya mauziano isipozitaja. Zirudishe kwa familia, ukishazipiga picha kwa idhini yao. Usizipake gundi ya utepe wala kuzitia leminesheni. Kama familia haijui la kuzifanyia, waelekeze maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayohifadhi miswada ya Kiswahili cha zamani, na ukiweza waandamane nawe. Na wewe ambaye tayari una kasha sebuleni kwako, ulilolinunua zamani likiwa na bahasha ndani, tafuta simu ya wale warithi wiki hii.